Uso unatoka bapa, pua inavunjika: jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Tangu mwanzo wa mwaka najifundisha kuchonga nyuso kwa vipande vya mbao laini anavyonipa seremala mmoja wa Ngamiani. Nimeshachonga nyuso nne. Tatu zimetoka bapa kama sahani, na mbili kati ya hizo pua zimevunjika. Ya nne niliichonga kwenye gogo bichi la mwembe uliokatwa uani kwetu. Ilianza kupendeza, lakini haikumaliza wiki mbili, ikapasuka kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Natumia kisu cha jikoni na patasi moja ya kuazima. Nakosea wapi? Na ni kweli kwamba mti laini ni wa kuchezea tu, na mchongaji hasa ni wa mpingo?"

Marahaba, Mwalimu. Picha zako nimezitazama sana, na kilichonisimamisha ni jicho la kushoto la uso wa pili. Umelichonga kwa subira, kope ya juu, kope ya chini, hata mboni umeitia. Mkono wako ni mzima kabisa. Ila jicho lenyewe limekaa juu ya uso, wakati jicho la mtu hukaa shimoni. Ulichora uso kwenye ubao, kisha ukaufuata mchoro kwa ncha ya kisu. Hapo ndipo penye kosa, na mengine karibu yote yametokana na hilo.

Nadhani najua mwendo huo umeutoa wapi, maana na mimi nilitoka huko huko. Sisi watu wa pwani tumekua tukitazama nakshi. Pita mitaa ya zamani ya Bagamoyo, au nenda Unguja, utazame milango: maua, minyororo, majani yanayojisokota kwenye fremu. Fundi wa nakshi huchora kwanza, halafu huchimba pembeni mwa mchoro mpaka ua libaki limeinuka kidogo. Uzuri wote umo kwenye mstari. Ukichukua ustadi huo ukauhamishia kwenye uso wa binadamu, unapata sahani yenye macho. Uso hujengwa na milima na mabonde: paji ni mlima, macho yamo bondeni, pua ni kilima, mdomo umekalia mgongo uliobebwa na meno. Mstari huzaliwa mwishoni kabisa, pale mlima na bonde vinapokutana.

Basi acha ubao bapa kwa sasa. Kanunue mbao ya inchi mbili kwa mbili, ukate vipande vya urefu wa sentimita 20, kisha chonga uso kwenye pembe ya mbao, pale pande mbili zinapokutana. Pembe hiyo ndiyo itakuwa pua. Kwa uamuzi huo mmoja, mashavu yanakimbilia nyuma yenyewe kabla hujagusa kisu, na huwezi kupata sahani hata ukitaka. Chonga sehemu ya juu tu. Ya chini ibaki kuwa mpini wa kushikia.

Lakini kabla ya mbao, nenda dukani ukanunue mche wa sabuni. Nasema hivi kwa moyo wote, na nakuomba usione ni jambo la kitoto. Mche wa sabuni una pembe nne, hauna nyuzi, haukati mkono kirahisi, na ukiharibika unafulia. Kata vipande vitano, chonga nyuso tano kwenye pembe, ndipo urudi kwenye mbao. Kwenye sabuni akili inajifunza umbo tu. Kwenye mbao inabidi ujifunze umbo, nyuzi na makali kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wanafunzi wengi wanapokata tamaa.

Sasa vipimo. Tuseme kichwa chako kina urefu wa sentimita 7 kutoka utosini hadi kidevuni. Shuka sentimita 1 kutoka juu, weka alama: hapo nywele zinaanzia. Sentimita 6 zilizobaki zigawe mara tatu sawa: mbili za kwanza zinafika kwenye nyusi, mbili zinazofuata zinafika chini ya pua, mbili za mwisho zinafika kidevuni. Mstari wa macho uko katikati kabisa ya kichwa, yaani sentimita 3.5 kutoka juu. Wengi hawakubali hili mpaka wajipime kwenye kioo, kwa sababu tunapomtazama mtu tunatazama uso wake na kulisahau fuvu lililo juu ya nyusi. Kwenye picha zako zote nne macho yamepanda mno. Mdomo nao hauko katikati ya pua na kidevu. Uko juu zaidi, kama theluthi moja ukishuka kutoka puani. Kati ya jicho na jicho pana nafasi ya kutosha jicho moja. Masikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Vipimo hivi ni vya kuanzia tu. Ukishavizoea, utaanza kuona jinsi kila mtu wa mtaani kwako anavyotofautiana navyo, na hapo ndipo sura ya mtu fulani inapopatikana.

Mkato wa kwanza ni wa macho. Kwenye pembe, chini kidogo ya nyusi, kata kuingia ndani, kisha njoo na mkato wa pili kutoka chini ukikutana na wa kwanza, kipande kiruke. Mkato wa pili ni chini ya pua: kata wima kuingia ndani, halafu kata kutoka upande wa kidevu ukipanda. Ule wima wa kwanza unakipa kisu mahali pa kuishia, kisije kikapitiliza kikaing'oa pua. Geuza mbao utazame kwa ubavu. Kwa mikato miwili tu tayari una paji, bonde la macho, pua, na mgongo wa mdomo. Ukiona ubavu haufanani na mtu, usiendelee. Rekebisha hapo hapo, kwa sababu hakuna kope wala mboni itakayouokoa.

Baada ya hapo chimba mashimo ya macho pande zote mbili za pua, kwa kina zaidi ya unavyodhani inafaa. Hapa ndipo woga wa mwanafunzi unapojionyesha. Anachimba milimita 2, anaona amefika. Kwenye kichwa cha sentimita 7, bonde la jicho karibu na mzizi wa pua linaweza kwenda milimita 8 na bado halijaharibika kitu. Punguza mashavu yakimbie nyuma, zungusha mgongo wa mdomo kama unachonga ubavu wa pipa, toa kidevu. Kila baada ya dakika chache zima taa ya chumbani, washa tochi ya simu, imulike kutoka juu kwa pembeni. Kivuli hakidanganyi: palipo bapa patang'aa pote kwa pamoja. Kwa siku mbili za kwanza uso wako usiwe na macho kabisa, uwe na mashimo tu. Macho yaje siku ya tatu. Ndani ya shimo uwe umebakiza kivimbe cha mviringo, ambacho ndicho mboni na weupe wake. Juu ya kivimbe hicho chonga kope ya juu iwe nene na imetangulia mbele kidogo, ya chini iwe nyembamba, na kwenye kona ya nje ya jicho ya juu iifunike ya chini.

Pua zako zimevunjika kwa sababu nyingine, na nimeiona kwenye picha. Uliuweka ubao kwa upana, kwa hiyo nyuzi za mbao zinapita kutoka sikio hadi sikio. Pua iliyochongwa hivyo imeshikwa na nyuzi fupifupi zilizokatwa kushoto na kulia. Ukiigusa tu inameguka kama biskuti. Nyuzi zishuke kutoka utosini kwenda kidevuni. Vivyo hivyo kwa mkono, mguu au kidole cha kinyago: nyuzi zifuate urefu wa kiungo, au kiungo kiwe kinene, au kisiachane na mwili. Tazama vinyago vya zamani uone jinsi mikono ilivyolazwa kwenye tumbo au mapajani. Wazee walifanya hivyo kwa kujua mti unachoweza kubeba.

Kuhusu kisu nitasema zaidi kuliko ulivyouliza. Watu wengi hudhani mti laini unakubali kisu chochote. Ni kinyume chake. Mpingo ni mgumu, nyuzi zake zimesimama imara, hata kisu kilichochoka kidogo kitaukwangua, na kisha tupa na msasa vitamaliza kazi. Mti laini ukikutana na kisu butu haukatiki, unabonyea kwanza, halafu unachanika. Msonobari, huu ambao madukani tunauita paina, una taabu zaidi kwa sababu mistari yake inapishana: mstari mpana mweupe ulio laini, na mstari mwembamba wa kahawia ulio mgumu. Kisu butu kinaponda mweupe na kuruka juu ya kahawia. Ule usufi ninaouona kwenye mashavu ya uso wa tatu haukutokana na msasa. Ni nyuzi zilizochanwa.

Kisu cha jikoni kirudishe jikoni. Ubapa wake ni mrefu, unapinda, na ncha yake iko mbali mno na mkono. Unataka makali ya sentimita 4 au 5 tu, kwenye mpini mnene unaojaza kiganja. Mhunzi anaweza kukutengenezea kutoka kwenye kipande cha msumeno wa chuma. Mwambie asikiunguze kwenye mashine ya kunolea: chuma kikigeuka rangi ya buluu kimekwisha kupoteza ugumu wake, na utanoa kila siku bila faida. Ongeza bobari moja, ile patasi yenye mdomo wa mviringo, ya upana wa milimita 8 hivi, kwa ajili ya mashimo ya macho. Kwa mwaka wa kwanza hivyo viwili vinatosha. Tezo, lile shoka dogo la kuchongea, itakuja utakapoanza magogo.

Kunoa fanya hivi. Kwenye maduka ya rangi za magari wanauza msasa wa maji. Chukua namba 400, 800 na 1200, ulaze kila mmoja juu ya kipande cha kioo, ulowanishe. Laza kisu karibu kabisa na kioo, mgongo umeinuka kidogo tu, uvute kwa kurudi nyuma, makali yakifuata. Endelea upande mmoja mpaka upande wa pili uhisi kinyuzi cha chuma kilichojikunja, ndipo ugeuze. Pitia namba zote tatu, kisha malizia kwenye mkanda wa zamani wa ngozi uliopakwa dawa ya kung'arishia shaba, mara 30 kila upande. Jaribu kwenye kichwa cha mbao, pale nyuzi zinapoishia: mkato ukiacha sehemu inayong'aa kama iliyopakwa mafuta, kisu kiko tayari. Ukiacha weupe wenye vumbi, rudi kwenye kioo. Mimi hukipitisha kisu kwenye mkanda kila baada ya robo saa ya kazi, na sijawahi kuona ni muda uliopotea.

Kata kama unavyomenya muhogo, vidole vinne vimekumbatia mpini, gumba limeegemea mbao, ukivuta kwa kufunga kiganja. Gumba hilo livalishe kipande cha tyubu ya baiskeli. Nina kovu refu kwenye gumba la kulia kwa sababu ya jioni moja niliyoona uvivu kulivaa. Na siku zote kata ukitoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, kama unavyoteremka mlima. Ukihisi kisu kinazama na kuvutwa ndani, umeanza kupanda dhidi ya nyuzi. Simama, geuza mbao, uje kutoka upande wa pili.

Sasa gogo la mwembe. Lilipasuka kwa sababu mbili. Kwanza lilikuwa bichi, na nje hukauka kabla ya ndani. Nje inataka kujikunja, ndani bado imejaa maji inakataa, ufa unatokea. Pili, uliuacha moyo wa gogo, kile kitovu cha katikati kabisa. Mbao inapokauka husinyaa kuzunguka pete zake karibu mara mbili ya inavyosinyaa kutoka moyoni kwenda nje. Gogo zima lenye moyo wake halina pa kukimbilia ila kupasuka. Lipasue kwanza mwenyewe mara mbili au nne, uondoe moyo, upake nta au rangi ya mafuta kwenye vichwa vyote viwili, ulihifadhi kivulini penye upepo. Likiwa kipande kinene, litahitaji miezi mingi. Ukitaka kuchonga likiwa bichi, na mwembe mbichi kwa kweli unakatika vizuri, basi chonga haraka umbo kubwa, uufunge uso kwenye mfuko wa karatasi uliojaa maranda, ukauke polepole, ndipo umalizie. Angalia pia kwamba utomvu wa mwembe huwawasha ngozi baadhi ya watu, na mti huo hubunguliwa upesi.

Jambo hili la kukauka halimalizikii karakanani. Hewa ya kwetu huku pwani ina unyevu mwingi. Kinyago kilichotulia Tanga mwaka mzima kinaweza kupasuka kikipelekwa Dodoma au Ulaya, kwa sababu kimeanza kukauka upya. Mgeni akinunua kwangu humwambia akiweke mbali na jua la dirishani na asikipe kiyoyozi usoni.

Mti gani basi? Uko mahali pazuri kuliko mimi. Shume, kule Lushoto, kuna shamba la miti la misonobari na saipresi, na mbao za milimani hushuka hadi mjini Tanga. Ukipata saipresi, ichague kabla ya paina: mistari yake haipishani sana kwa ugumu, haina gundi nyingi, na inanukia vizuri ukiikata. Kwa paina chagua kipande chenye mistari iliyobanana, kisicho na fundo. Msufi ni mwepesi mno na usufi wake hauishi; utumie kwa vichwa vikubwa visivyo na mambo madogo. Na kwa kuwa mmezungukwa na mkonge, omba shina la ua lililokauka, lile refu linalosimama katikati ya mkonge uliozeeka. Ndani ni jepesi kama sponji, halishiki kope wala midomo, lakini wanafunzi wako wanaweza kulichonga kichwa kikubwa kwa saa moja. Kwenye video za intaneti utasikia wakisifu mti uitwao linden, ambao wachongaji wa Ujerumani wameutumia kwa karne nyingi. Ni mti mzuri kweli, ila haupo huku, na hauhitajiki.

Mwili mzima uje baada ya nyuso kumi. Mtu mzima ana urefu wa vichwa saba hadi vinane, mtoto wa miaka mitatu kama vitano, na kiganja pamoja na vidole hutosha kufunika kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Vinyago vya kwetu havikufuata hesabu hiyo, vilikuza kichwa kwa makusudi, nami napenda hivyo. Wazaramo na Wakwere wa ukanda huu wa Bagamoyo walichonga mwana hiti, sanamu ndogo ya kike inayohusika na unyago wa wasichana: kichwa chenye nywele zilizosimama kama vishungi viwili, kiwiliwili kama gogo dogo, matiti, kitovu, bila mikono wala miguu. Uso wake hauna karibu kitu, lakini ukiutazama hukosi kuona kuwa ni mtu. Utazame kwa kujifunza jinsi umbo kubwa linavyobeba kila kitu. Kuchonga mwana hiti kwa kuuza mimi sikushauri, kwa sababu ni kitu chenye heshima yake kwa wenyewe.

Hapo nakuja kwa yule aliyekwambia mti laini ni wa kuchezea. Mpingo naupenda na nimekula kwa mpingo. Lakini Wamakonde, ambao dunia nzima inawajua kwa mpingo, walikuwa na nyuso za mti mwepesi, na zile zilikuwa na kazi nzito kuliko kukaa kabatini. Ni mapiko, vinyago vya ngoma vinavyovaliwa kichwani kama kofia ya chuma, ambapo mchezaji huona kupitia mdomo wa kinyago. Kuta zake zimechongwa nyembamba, na mara nyingi hubandikwa nywele za binadamu kwa nta. Jaribu kufikiria kucheza ngoma ukiwa na kichwa cha mpingo, mti unaozama majini. Nyuso za mapiko zina mashavu yanayopumua na midomo inayokaribia kusema, na zimetoka kwenye mti mwepesi ambao huyo aliyekwambia anaudharau. Mazoea ya kupaka mti laini dawa nyeusi ya viatu ili uuzwe kama mpingo ndiyo yanayoudhalilisha, na nakuomba usiyaingie kamwe. Saipresi yako imalizie kwa nta ya nyuki iliyopashwa moto kidogo, isugue kwa kitambaa, iache rangi yake.

Uso wa mwembe uliopasuka usiutupe. Ukate kwa msumeno utenganishe nusu mbili pale ufa ulipopita, uziache zikauke miezi mitatu, halafu zitazame kwa ndani. Utaona kwa macho yako moyo wa gogo ulikuwa wapi na ufa uliufuata vipi. Nusu ya kushoto, yenye lile shavu zuri, ichonge upya ikiwa uso wa ubavu mmoja. Nyuzi zake zinashuka vizuri na pua itasimama. Na picha za sabuni nitumie zote tano, hata ile ya kwanza, ukizipiga kwa ubavu na taa ikitoka juu.